Nusu Klachi

Jumatatu, 4 Mei 2009

Mkanda wa mashine umeungua tena. Naandika "tena" kwa masikitiko, maana huu ni wa tatu tangu Pasaka.

Ingawa shajara hii haina msomaji, maandishi yoyote yenye adabu huanza kwa kumtambulisha mwandishi. Mimi ni Cleopas Wamalwa, mzaliwa wa Bungoma, mkaazi wa Kampala kwa miaka mingi, mwendeshaji wa mashine ya kukatia nyasi katika fleti za kilima cha Mbuya. Isidhaniwe kuwa ni mashine ya kusukumwa. Ni ya kukaliwa. Ina kiti, usukani na pedali. Aliiacha Mzungu mmoja aliyerudi kwao, nami ndiye niliyejifundisha kuiendesha, kama nilivyojifundisha Kiswahili sanifu na uandishi wa maombi rasmi. Sikusomeshwa na mtu.

Mambo yalikwenda hivi. Nilianzia barazani kwa Nalongo, mama wa pacha, ambaye ni Mganda wa zamani na husalimia kikamilifu. Aliuliza habari za usiku, akauliza za nyumbani, akanishukuru kwa kazi, kisha tukaingia katika ile sehemu ya kuguna. Yeye "mm", mimi "mm", mpaka mmoja achoke. Sijawahi kuchoka wa kwanza. Muda wote huo nilikuwa nimekanyaga pedali nusu, kama ilivyo desturi yangu, mashine ikitambaa polepole kwa heshima.

Kisha baraza la Mama Estelle. Huyu ni fundi cherehani kutoka Butembo, Kongo. Anaishi peke yake na vitambaa vyake. Nilikanyaga nusu tena. Nilimuuliza habari za usiku, za cherehani, za binti yake Estelle aliyeolewa Nairobi. Nilikuwa bado sijafika kwenye habari za mvua alipofunika pua kwa kitenge. Akaniambia, "Papa Cleopas, kitu inaungua."

Nikamjulisha kwamba ni takataka za majirani.

Haikuwa takataka za majirani. Moshi ulitoka chini ya kiti changu, mkanda ukakatika, nikabaki nimeketi kama sanamu. Zubairi, askari wa getini, mwanajeshi mstaafu asiye na staha, alipaza sauti kutoka kibandani kwake. Aliuliza leo ninapika nini, na kama ni nyama choma nimwekee ya mbavu.

Jioni Bwana Oryem, mwenyekiti wa kamati ya wakaazi, alikuja bohari, mashine inapolala. Si mtu wa maneno mengi. Alisema kamati itanunua mkanda mmoja zaidi. Ukiungua na huo, mashine itauzwa, nyasi zitafyekwa na vijana wa kukodi, na mimi nitahamishiwa kwenye mapipa ya taka nyuma ya jengo.

Nyuma ya jengo hakuna baraza hata moja. Kuna ukuta.

Jumanne, 5 Mei

Hakuna mkanda, hakuna mashine. Nilifanya ukaguzi wa nyasi kwa miguu.

Naweka jambo moja kwenye kumbukumbu bila uchungu wowote. Nilipita mbele ya baraza la Nalongo nikitembea, naye hakuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua. Nilikohoa. Aliniambia, bila kutazama, kwamba taka zake ziko mlango wa nyuma. Mbele ya Mama Estelle nilipita haraka, kwa sababu mtu anayesimama kwa miguu mbele ya baraza la mwanamke anaulizwa anataka nini, nami sikuwa na jibu lililoandaliwa.

Mchana kutwa niliongea na watu wachache. Nikihesabu kwa uaminifu, niliongea na Zubairi, tena kwa ugomvi.

Nimetafakari chanzo cha joto la mkanda. Mkanda mzuri hauungui bila sababu. Sababu lazima iwe na mikono. Mikono iliyo karibu na bohari usiku kucha ni ya Zubairi. Ninashuku anapaka oili kwenye mkanda ili uteleze upate moto, na anafanya hivyo kwa wivu, kwa kuwa yeye kiti chake hakina magurudumu.

Mpango: nimemwaga majivu mbele ya mlango wa bohari. Kesho nyayo zitatoa ushahidi.

Jumatano, 6 Mei

Ushahidi umepatikana, lakini haukuwa ule uliotarajiwa. Katika majivu kulikuwa na nyayo zangu mwenyewe, za kwenda na za kurudi, pamoja na nyayo za karoli, yule ndege mkubwa mwenye upara anayekula jalalani. Nyayo za Zubairi hazikuwapo. Hii inaonyesha jinsi alivyo mjanja.

Zubairi alinikuta nimepiga magoti juu ya majivu. Aliuliza kama nimeokoka. Nikamjibu kwamba ninachunguza. Akasema basi nimkamate huyo karoli haraka, kwa maana ana sura ya mhalifu. Wakati huohuo tarumbeta ya kambi ya jeshi ikalia juu ya kilima, naye akasimama wima, mikono ubavuni, mpaka ilipokwisha. Lazima nikiri kuwa alisimama vizuri.

Mkanda mpya ulifika mchana, umeletwa na fundi Kasereka, mtu wa makamo mwenye sauti kubwa anayetengeneza jenereta karibu na viwanda vya Bugolobi. Ni Mkongomani, tena wa Butembo, mji uleule wa Mama Estelle. Kumbe wanafahamiana. Waliitana kwa furaha kupita kiasi.

Kasereka aliigeuza mashine ubavu. Akakwangua nyasi zilizoganda chini. Akazungusha kila puli kwa kidole na kuisikiliza kama daktari. Akavuta springi ya kukazia mkanda. Akanyoosha uzi kutoka puli ya mbele hadi ya nyuma kuona kama zimekaa sawa. Akalinganisha mkanda wa zamani na mpya, urefu na upana. Nilimpendekezea aandike matokeo kwa utaratibu. Akasema matokeo ni kwamba mashine ni nzima.

Nikamjibu kuwa mashine nzima haichomi mikanda mitatu. Akasema ni kweli kabisa, ndiyo maana kesho atakuja kunitazama mimi.

Sikupenda jinsi alivyolisema hilo.

Alhamisi, 7 Mei

Siku ya fedheha.

Kasereka alitembea kando yangu asubuhi nzima, kila mara akiinama na kuweka kiganja kwenye kifuniko cha mkanda. Tulipokuwa tunakata mistari mirefu upande wa chini, alisema, "Baridi." Tulipopanda mteremko akasema, "Bado baridi." Nilikuwa nimeanza kumheshimu.

Tulipofika kwa Nalongo, nikakanyaga nusu na kuanza salamu. Habari za usiku. Za nyumbani. Tulipofika kwenye kuguna, Kasereka aliweka kiganja na kukiondoa haraka, akakipuliza. Alikuwa anaokota ushahidi.

Mbele ya Mama Estelle alitema mate kwenye kidole na kukigusisha puli. Ikatoa sauti ya kikaango. Hapo akasimama, mikono kiunoni, na kutoa uamuzi wake kwa sauti ya sokoni, mbele ya mwanamke huyo aliyekuwa akipima kola:

"Eh papa, mashine haina ugonjwa. Mugonjwa ni mguu yako. Unakanyaga klachi nusu, mukanda haushikwi na hauachiliwi, unasuguana na puli palepale. Na mashine haiungui kule chini, hapana. Inaungua hapa. Mbele ya mama."

Mama Estelle alificha uso nyuma ya kola. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Kasereka akaendelea bila huruma. Alisema tiba ni rahisi na haina dawa. Nikitaka kukata, nikate. Nikitaka kusalimia, nikanyage hadi chini, nizime, nishuke, nisalimie kama binadamu. Kati ya hayo mawili hakuna kitu, isipokuwa moshi.

Nilimweleza kwa utulivu kwamba haelewi adabu. Anayesimama kabisa ni mgeni, na mgeni huandaliwa; sijaalikwa na mtu, siwezi kumlazimisha mama wa watu kuchemsha maji. Anayepita bila kupunguza mwendo ni mtovu wa heshima, tofauti yake na bodaboda ni honi tu. Mtu mwenye malezi hupita polepole, anaonekana, anauliza hali, hamgharimu mwenyeji chochote. Nusu klachi ndiyo adabu yenyewe.

Akasema, "Sawa, papa. Lakini mukanda haikusoma hiyo adabu."

Kisha Mama Estelle akamkaribisha kahawa, naye akaketi. Hivyo tu. Alipanda ngazi, akavuta kiti, akanyoosha miguu. Hakukaribishwa hata mara ya pili. Niliwaona kutoka bohari wakicheka kwa Kinande, lugha yao ya nyumbani. Siwezi kuthibitisha walichokuwa wanacheka.

Ijumaa, 8 Mei

Usiku nimeukataa uamuzi wa Kasereka kwa hoja. Yeye mwenyewe amesema tatizo ni kusuguana. Msuguano huleta joto. Kinachoondoa msuguano ni utelezi. Kwa hiyo kinachohitajika si kubadilisha mguu wangu, ambao umetumika miaka mingi bila lawama. Kinachohitajika ni utelezi.

Mpango: sabuni ya mche. Nimewahi kuona madereva wa malori wakiutuliza kwa sabuni mkanda unaopiga kelele. Niliusugua mkanda wote, ndani na nje, na kwa kuwa mche ulibaki kipande nikamalizia kwenye puli.

Matokeo. Upande wa chini, mashine ilikwenda kwa ukimya wa ajabu. Nilifurahi. Nilipokaribia juu ya mteremko, baraza zote zikiwa nyuma yangu, ilipunguza mwendo, ikasimama, ikafikiri, kisha ikaanza kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki. Breki nayo ilikuwa imepata sabuni.

Ifahamike kwamba kurudi nyuma kwenyewe hakukuwa kwa kasi. Kulikuwa kwa mwendo wa maandamano. Nilipita mbele ya baraza zote kinyumenyume, nikiwa nimeketi wima, na kwa kuwa mtu hawezi kupita kimya nilisalimia kila baraza. Nalongo alinijibu, ingawa alianza na kwaheri. Mama Estelle aliinuka, sindano mdomoni, akanifuata kwa macho mpaka nilipoingia mgongo kwanza kwenye ua wa michongoma karibu na geti.

Zubairi alitoka kibandani, akakaza mwili, akanipigia saluti. Akaripoti kwamba msafara umewasili salama.

Kasereka aliitwa. Aliuosha mkanda kwa maji ya moto na kuukausha kwa kitambaa, akiimba. Mkanda umenusurika. Alipoondoka alinishika bega, akasema kwa sauti ya chini, ambayo sikujua anayo, "Papa, yule mama atafurahi ukishuka." Nikamwambia ashughulike na jenereta.

Jumapili, 10 Mei

Ibada ya Kiswahili. Nilikaa mwisho wa benchi, mahali pangu. Mahubiri yalikuwa na makosa mawili ya upatanisho wa ngeli, lakini roho yake ilikuwa njema.

Baada ya ibada watu walitoka wawili wawili, watatu watatu, wakishikana mikono na kuulizana nani anapika nini. Mchungaji alinishika mkono mlangoni, akaniambia karibu sana mgeni, jisikie nyumbani. Ni mwaka wa sita nasali pale. Nilimshukuru kwa makaribisho.

Chakula: ugali na mboga ya jana. Redio ilileta mpira na kelele za watu wengi.

Alasiri niliingia bohari, nikaketi kwenye mashine. Sikuiwasha. Niliweka mguu kwenye pedali, nikaukanyaga nusu, kuona tu kama kweli mguu una kosa lolote. Mguu ni mzima.

Jumatatu, 11 Mei

Bwana Oryem ametangaza kwamba keshokutwa, Jumatano, atakaa yeye mwenyewe uwanjani na kuukagua mkanda kwa mkono wake. Sina budi kushinda. Mkanda ukiungua, ni ukuta.

Kwa hiyo leo nimefanya jaribio kali. Nimekata nyasi zote bila kumsalimia mtu. Mguu mbali na pedali. Macho mbele. Kidevu juu.

Matokeo: mkanda baridi kama tumbo la chura. Kasereka amebahatisha, ingawa kubahatisha si elimu.

Nilipita kwa Nalongo kwa mwendo kamili. Nilisikia sauti yake nyuma yangu ikianza salamu na kukatika katikati. Baadaye Zubairi alinijia akasema Nalongo ameuliza kama nimefiwa. Alitaka kujua kama apeleke rambirambi. Nilimwagiza amwambie sijafiwa, niko kazini. Zubairi akaongeza jambo la ajabu kwa mtu wa aina yake: kwamba leo uwanja umekuwa kama kambi iliyohamwa.

Mbele ya Mama Estelle sikugeuza shingo. Nilisikia cherehani ikisimama. Nilipokuwa mbali nilisikia haijaanza tena.

Kazi ambayo kwa kawaida humalizika jioni ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Sikujua alasiri ni ndefu namna hii. Niliukagua mkanda mara kwa mara. Nikauambia kwamba unaendelea vizuri. Baadaye nikatambua kuwa hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku nzima, nikaona aibu, nikatoka nje.

Jumatano, 13 Mei

Nitaandika yote kwa mpangilio, ili haki ionekane.

Bwana Oryem alifika na kiti chake cha plastiki, akakiweka chini ya kivuli cha jengo. Alivaa kofia. Kasereka alikuja kutazama, na Zubairi akaacha geti wazi, jambo ambalo ni kosa kikanuni. Nilivaa koti.

Nilikata upande wa chini wote. Mwenyekiti aliinuka, akagusa kifuniko, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilipanda mteremko. Nikapita kwa Nalongo bila neno. Yeye naye aliinamia maharage yake. Nikapita mara ya pili. Mwenyekiti akagusa tena na kusema kwamba, kwa kweli, anaona maendeleo. Alimwambia Kasereka kuwa huenda kamati ilikuwa na haraka. Ulibaki mstari mmoja. Mstari mmoja tu, ule ulio chini ya baraza la Mama Estelle.

Sikugeuza shingo. Hilo naliapia.

Yeye ndiye aliyeita. Katika miaka yote hiyo hajawahi kuanza yeye. Alisimama juu ya ngazi, kitenge kimefungwa vizuri, si cha kazini, akasema, "Papa Cleopas. Uko mugonjwa? Siku mbili hauniulize habari."

Mguu ulikwenda wenyewe. Nusu.

Nikamjibu kwamba niko mzima, niko kazini, na nikamuuliza habari za usiku. Hakujibu habari za usiku. Alisema Estelle amejifungua. Mtoto wa kiume. Simu imepigwa alfajiri kutoka Nairobi, na tangu alfajiri yuko na habari hiyo ndani ya nyumba na hana mtu wa kumpa. Ndugu zake wako Butembo, mtandao wa kule umekatika. Alisema alikaa akisikiliza mashine yangu ikizunguka kule chini, akisema moyoni, atafika, atafika.

Nilimpa hongera kwa maneno yaliyochaguliwa.

"Shuka, papa," akasema. "Habari kama hii haiambiwe mutu juu ya mashine. Kahawa iko. Kiti iko."

Sasa naomba nieleweke. Niliitaka kahawa ile. Lakini hakuna mtu mwenye malezi anayeingia nyumba yenye habari za mtoto mchanga akiwa mikono mitupu. Kwetu huendi hivyo. Unakwenda na kitu: sukari, sabuni, kuku ukiweza. Mimi nilikuwa na koti na usukani. Kupanda zile ngazi bila kitu kungekuwa kumdharau mtoto, mama yake na bibi yake kwa pamoja. Na kuondoka nikamwacha na habari mdomoni kungekuwa unyama. Kwa hiyo nilibaki palepale, nusu klachi, na nikamwambia naomba aendelee, nasikiliza.

Akaendelea. Mtoto ana uzito mzuri. Ana masikio ya babu yake, yule aliyebaki kwenye vita. Hawajampa jina. Alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akacheka tena. Nilisahau mwenyekiti. Nilisahau uwanja mzima. Kasereka alikuwa anapunga mikono yote miwili juu ya kichwa. Nilimwona, nikadhani anampongeza.

"Papa, shuka," alisema mara nyingine. Na mara ya tatu, akiufuata moshi kwa macho, "Papa. Shuka."

Nikamwambia, bado kidogo.

Mkanda ulikatika kwa mlio wa bunduki. Zubairi alilala chini kwa mazoea. Mashine ikanyamaza, na uwanja wote ukanuka mpira. Mama Estelle alishuka ngazi mbili, akasimama, mimi nikiwa bado kitini, mikono kwenye usukani.

"Sasa utashuka?" akauliza.

Nilishuka. Lakini Bwana Oryem alikuwa anakuja na kofia yake mkononi, na mtu hawezi kupokea kikombe pembeni ya mali ya kamati inayofuka moshi. Nilimwomba Mama Estelle radhi rasmi. Nikashika usukani upande mmoja, Zubairi akasukuma nyuma, tukaipeleka bohari. Njiani hakunitania hata mara moja. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumatatu, 18 Mei

Mashine imeuzwa. Ilibebwa kwenye pikapu Ijumaa, kiti kikiangalia nyuma. Vijana wawili wenye mafyekeo wanakata nyasi wakiimba. Hawamsalimii mtu, na mafyekeo yao hayapati moto.

Mimi niko kwenye mapipa.

Nimeufikiria mkasa huu kwa kina na kufikia hitimisho lifuatalo: mkanda ule ulikuwa hafifu. Mkanda wa kiwango kinachostahili ungevumilia habari za mtoto mmoja. Nimelieleza hilo kwa kamati katika ombi lenye aya za kutosha. Kasereka alilisoma, akanirudishia, akasema Kiswahili chake ni kizuri sana. Kisha akauliza kama nimeshakwenda kwa yule mama. Nilimweleza kwamba kwa sasa sina namna.

Maana ndivyo ilivyo. Zubairi ameniletea salamu kutoka kwa Mama Estelle, amezileta mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu. Kwamba mtoto amepewa jina, na jina halitumwi kwa askari, nikalisikie mwenyewe. Kwamba kiti kiko nje. Zubairi aliongeza kwa niaba yake binafsi kuwa ni hatua chache, mzee, hata mlevi anafika. Nimenunua kilo ya sukari. Iko juu ya kabati, imefungwa kwa karatasi. Lakini mtu hatokei nyuma ya jengo kwa miguu, na harufu ya mapipa, akasimama mbele ya baraza kama mdai. Lazima apite kwanza. Lazima aonekane akipita.

Kwa hiyo, mpango.

Kazi hii ina toroli. Ni kubwa, ya mbao, magurudumu mawili, na ina breki ya kipande cha tairi kinachokanyagwa kwa mguu, kisugue gurudumu kwenye mteremko. Njia ya taka inapita nyuma. Lakini hakuna kanuni ya maandishi inayokataza njia ya mbele. Leo nimepita ya mbele.

Mambo yamekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mteremko unaisukuma toroli, nami naizuia kwa breki, nusu, hivyo inashuka kwa mwendo wa heshima kabisa. Nalongo aliinua macho. Tulifika hadi kwenye kuguna. Mbele ya Mama Estelle nilikanyaga zaidi kidogo, nikamuuliza habari za usiku, za cherehani, za mtoto. Kikombe kilikuwa juu ya ukuta wa baraza, kimefunikwa kisosi. Akasema, "Papa Cleopas, acha hiyo kitu, panda." Nikamwambia leo napita tu. Akasema, "Sawa. Na kesho?" Nikamhakikishia kuwa kesho pia nitapita.

Jambo dogo la kufuatilia. Gurudumu la kushoto limeanza kupata moto, na linatoa harufu kidogo. Ninamshuku Zubairi. Usiku huu nitamwaga majivu.